Filimbi ya Fundi Sumaili

Tulimzika Fundi Sumaili Ijumaa iliyopita baada ya swala, na Ramazani alikuja. Sikumtegemea kabisa. Alifika kutoka Kampene na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akakaa kwenye mkeka upande wa wanaume, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki, akaanza kula wali kama mtu asiyetaka kuulizwa kitu. Mimi nilikuwa upande wa masufuria. Nilimwangalia katikati ya moshi, nywele zote nyeupe, mabega bado ya mtu aliyezoea kusimama juu ya kitu kinachotikisika, nikasema kwa sauti, "Wee Ramazani, mpaka leo unakula mbio vile vile?" Wanawake wakanigeukia, maana kwenye kilio mtu wa umri wangu analia au ananyamaza. Kulia nilishalia. Kunyamaza sijui, na tangu siku ile mwaka mmoja wa ujana wetu umenikaa kooni, basi bora niuandike kuliko kuwasumbua majirani.

Ni mwaka uliofuata ule ambao maduka ya wageni yaligawiwa wananchi. Mgiriki mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni aliondoka na masanduku yake, na duka, nyumba, mbwa na kila kilichobaki ndani vikawa vya Citoyen Mutambala, mkubwa wa Chama katika mtaa wetu; Citoyen ni mwananchi, ndivyo tulivyoitana wakati ule badala ya Bwana. Kwenye banda la nyuma akakuta pikipiki ambayo kila aliyeiona alidhani imeibiwa kiti. Ilikuwa nyembamba, matairi ya meno manene, na mahali pa kukalia hapatoshi hata mtoto. Padri wa misheni ndiye aliyetueleza kwamba Ulaya kuna mchezo wa kupanda mawe na magogo kwa pikipiki kama ile, mtu amesimama wima, polepole, bila kushindana mbio. Kosa ni kuweka mguu chini. Anayegusa ardhi mara chache kuliko wenzake ndiye anayeshinda. Tulicheka sana siku hiyo. Mama Zaina, mke wa Fundi Sumaili, akauliza, "Mashindano gani hii haina kukimbia? Basi kobe njo bingwa yao!"

Ramazani hakucheka. Yeye alikuwa akiwapelekea wateja wa Mgiriki mizigo kwa pikipiki kwenye njia ya Kampene, na madaraja ya njia ile yalikuwa magogo mawili, mara nyingine moja, na chini yake maji meusi. Alikuwa amejifundisha kuyavuka akiwa amesimama, kwa sababu aliyekaa anatupwa. Alichukua ile pikipiki, akaipanda kwenye ngazi za duka, akageuka juu kwenye baraza pasipo na nafasi ya kugeuza baiskeli, akashuka. Miguu haikugusa. Citoyen Mutambala alikuwa amesimama mlangoni na suti yake ya kola iliyofungwa mpaka shingoni, na niliona uso wake unabadilika. Alikuwa ameona njia ya kufika mbele ya wakubwa wa Kinshasa. Kijana wa Maniema, juu ya pikipiki, Ulaya, na rangi za Chama kifuani! Tangu siku ile Ramazani hakuwa wake mwenyewe tena, ila sisi tulishangilia, tukaona ni bahati.

Nyumba ya Fundi Sumaili pale Mikelenge ndiyo iliyokuwa kambi. Mimi niliishi kwao, chumba cha upande wa jiko, ukuta wa udongo wenye ufa ambao Mama Zaina aliuziba kwa matambara na mimi nikayatoa ili nisikie maongezi. Fundi alikuwa mtu wa karakana ya reli, mikono yake inanuka grisi hata akitoka kuoga. Nyuma ya nyumba alipanga mataruma ya zamani, yale magogo yanayolala chini ya reli, akayapandanisha, akaleta mawe ya mtoni na gurudumu la behewa lililopasuka. Kila jioni mtaa mzima ulikusanyika kumwona Ramazani akipanda na kushuka pale. Mama Zaina alipika wali, samaki wa mto Lualaba na mboga ya lengalenga, na kila mwenye shamba alileta kitu, ndizi, mihogo, kuku. Mtoto wetu anakwenda kushindana na wazungu, nani angekula peke yake? Nilimpenda? Nilimpenda, ndiyo, na si mimi tu, lakini yeye alikuwa na macho ya yale magogo peke yake. Mimi nilikuwa mwimbishaji wa kikundi cha ngoma za Chama, wale tuliocheza kila mgeni mkubwa alipofika, na nilimtungia wimbo: Miguu juu, Ramazani, ardhi isikuonje. Ulipendwa mpaka bandarini.

Sasa nieleze jambo ambalo vijana wa leo wakiambiwa wanadhani tunatia chumvi. Asubuhi bendera ilipopanda na jioni iliposhuka, askari alipiga filimbi, na kila kilicho hai kilisimama. Mwenye baiskeli alishuka. Mwenye mzigo kichwani alibaki nao. Mama aliyekuwa akimwogesha mtoto alisimama na sabuni mkononi. Jioni moja filimbi ya stesheni ilipigwa Ramazani akiwa juu kabisa ya rundo la mataruma kando ya reli, pikipiki imesimama kwa gurudumu la nyuma karibu na ukingo. Aliganda. Wallahi, katika mji wote hakuna aliyetulia kama yeye, hata mabega hayakucheza, aliibeba pikipiki hewani mpaka bendera ikafika chini. Kisha askari akamwita. "Bendera inashuka, weye uko juu?" Ramazani akasema, "Nilisimama, Chef. Sikutikisika." Askari akajibu, "Miguu yako haikukuwa chini. Muntu anasimamaka na miguu." Walimpiga kwa mkanda palepale, mbele ya duka, na kesho yake wakampigisha magoti juani mpaka mchana.

Fundi Sumaili alirudi nyumbani siku ile akakataa chakula. Nilimsikia kupitia ufa wangu akimwambia mkewe, "Watamuua huyu mutoto juu ya kintu kidogo vile." Kesho yake alitoka karakana na filimbi ya reli shingoni, ya shaba, yenye sauti ya kutoboa sikio. Akamwambia Ramazani, "Huko kwa wazungu, mguu chini njo kosa. Huku kwetu, mguu juu njo kosa. Utajua vyote viwili." Ikawa hivyo. Ramazani akiwa katikati ya jiwe, katikati ya gogo, katikati ya kumeza chai, Fundi alipuliza, na papo hapo miguu chini, mikono mapajani, kidevu juu, pikipiki ianguke huko inakotaka. Siku za mwanzo alichelewa, akakumbuka, akacheka. Baadaye hakukumbuka tena, mwili ulikuwa unashuka wenyewe. Tulimtania. Nilimpulizia kwa vidole viwili akiwa anaosha miguu, akaruka akasimama na povu mpaka magotini. Ramazani akanirushia maji, "Sakina, weye muchawi!" Tulicheka mpaka machozi. Fundi peke yake hakucheka.

Karibu na safari akaanza kuja mtu tuliyemwita Miwani, kwa sababu alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Hakuna aliyetutambulisha naye. Citoyen Mutambala alisema tu, "Huyu atamusindikiza Ramazani kule," na tukaelewa, kila mtu alielewa mtu wa namna ile anatoka ofisi gani. Miwani alikula kwetu mara nyingi. Alikula samaki polepole, akatoa miiba mmoja mmoja, akailaza ukingoni mwa sahani yote imeelekea upande mmoja, na mimi niliyekuwa nikiondoa vyombo niliogopa ile sahani kuliko bunduki. Siku moja aliniuliza kwa upole kabisa, "Ule wimbo wako, miguu juu. Maana yake nini?" Nikamwambia ni wa mchezo tu. Akaitikia kwa kichwa, akasema ni wimbo mzuri, akaomba nimwimbie wote. Nikauimba nimeshika sahani ya miiba. Tangu siku hiyo sikuuimba tena hadharani, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jioni ya mwisho tulikuwa wengi sebuleni, wali umeiva na mafuta mekundu, Ramazani amevaa koti la kijani alilopewa, mikono ya koti inamfunika vidole. Citoyen Mutambala alikuwa ameshakula na kushiba. Akajifuta mdomo, akasema kwamba Kinshasa wanataka kujua nani atajibu mtoto akifanya ujinga kule. Nje mtu alikuwa akitwanga mpunga, na ule mchi nausikia mpaka leo. Fundi Sumaili akainua mkono, wa grisi vile vile, akasema, "Miye njo nitajibu." Citoyen akasema, "Bon. Kama harudi, ni weye." Hapo Miwani akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu tuketi. "Si kama harudi tu. Anajibu kwa kila kitu?" Fundi akamwangalia Ramazani, akasema, "Kwa kila kitu." Miwani akaomba maji ya kunawa. Nilimletea mimi, na Mama Zaina akaingia jikoni akakaa juu ya kinu, akashika kanga yangu, akaishika muda mrefu. Mimi nilikuwa kijana, nilitaka kurudi kumwangalia Ramazani na koti lake. Leo najua aliyekuwa akimshika ni mumewe.

Waliondoka kwa ndege ya mizigo, nasi tukabaki tunasubiri habari. Redio haikusema kitu. Kila mtu alikuwa na lake, mara ameshinda, mara pikipiki imepotea njiani, mara amemwona mfalme wa Wabelgiji. Kisha mchana mmoja tunakula, Citoyen Mutambala akaingia bila hodi na bila kuvua viatu, akakanyaga mkeka wa chakula. Suti yake ilikuwa imelowa jasho kwapani. Akasema, "Sumaili, mutoto yako amesalimia bendera ya wakoloni." Fundi akaweka tonge chini. Kila alichosema Citoyen baada ya hapo alikisema kwa kunong'ona na kwa haraka, kwamba yeye hajawahi kumjua Ramazani vizuri, kwamba pikipiki haikuwa wazo lake, kwamba ni padri. Alipoondoka, alama za viatu vyake zilibaki kwenye mkeka katikati ya sahani, na Mama Zaina akazisugua kwa majivu mpaka mkeka ukachanika.

Yaliyotokea kule Ramazani alinieleza mwenyewe miaka mingi baadaye, siku niliyopita Kampene, kwa maneno machache. Ubelgiji, mji mdogo, mvua, miamba yenye utelezi. Alikuwa amevuka vikwazo karibu vyote na miguu haijagusa ardhi, na wazungu walianza kumfuata kutoka jiwe hadi jiwe, wanampigia makofi huyu Mwafrika wa koti la kijani. Kikabaki kikwazo cha mwisho, mwamba kama ukuta. Alikuwa nusu yake. Chini, uwanjani, wapiga tarumbeta wa mji walikuwa wanajiandaa kwa sherehe ya jioni. Mtu akapuliza filimbi kuwakusanya, na wakaanza kuujaribu wimbo wa taifa lao, bendera yao inapanda mlingoti kwa mazoezi tu, hakuna hata mmoja anayejali. Ramazani aliacha pikipiki. Akasimama juu ya mwamba, miguu pamoja, mikono mapajani, kidevu juu, na pikipiki ikabingirika mpaka kwenye matope. Alisema aligundua yuko wapi pale tu watu walipoanza kucheka. Halafu akamwona Miwani chini ya mwavuli. Yeye hakuwa anacheka.

Usiku huo yule Mgiriki wa duka, ambaye sasa aliishi huko na alikuwa amekuja kumtazama, alimwambia asirudi. Alikuwa na chumba, alikuwa na kazi ya karakana ya kumpa, na Miwani asingeweza kumkamata barabarani mbele ya polisi wa nchi ya watu. Nilimuuliza Ramazani kwa nini alirudi. Alinikasirikia, ndiyo mara ya pekee maishani mwake. "Sakina, ulikuwa pale. Nani aliinua mukono?"

Kwa hiyo alirudi. Sisi wa kikundi tuliamriwa kwenda uwanja wa ndege na ngoma, kwa sababu ratiba ya kumpokea ilikuwa imeshapangwa na hakuna aliyethubutu kuifuta. Tulicheza kwenye jua, tunatabasamu kama tulivyofundishwa. Ramazani alitokea juu ya ngazi ya ndege na koti lake, akatuona, akainua mkono kidogo. Watu wawili walimpokea kwenye ngazi ya mwisho, mmoja kila upande, kwa adabu kabisa, wakampeleka kwenye gari. Ngoma haikusimama. Aliyetuongoza alikuwa ananiangalia mimi, nami nikaendelea kuzungusha kiuno na kupiga makofi mpaka vumbi la gari likatulia. Nimewahi kufiwa na watoto wawili, na bado ile ngoma ni kitu ninachokichukia kuliko vyote nilivyoviona.

Walimweka kwenye nyumba ya matofali nyuma ya bandari. Mfungwa alilishwa na watu wake, na wanaume wa mtaa waliogopa kuonekana, basi chakula nilipeleka mimi. Askari wa mlangoni alitia kidole kwenye wali, akauchimba mpaka chini, akajilamba, ndipo akaniruhusu kusubiri sufuria kando ya ukuta. Kulikuwa na dirisha dogo juu, limezibwa kwa bati, na bati haizuii sauti. Nilisikia sauti ya Miwani, ile ile ya upole ya mezani kwetu. "Wakati wimbo ulipigwa, ulizani njo wa nani? Kama ulizani njo wetu, haujui wimbo wa inchi yako. Kama ulijua njo wao, unapenda wakoloni. Chagua." Ramazani akasema alisikia filimbi. "Filimbi. Nani alikufundisha kusimama ukisikia filimbi, kama mbwa?" Jibu la kweli lilikuwa jina la mtu mmoja tu, na kulisema kungemaanisha kwamba huko Mikelenge kuna mtu anayefundisha watoto kuiogopa bendera badala ya kuipenda, na mtu huyo alishasema mbele ya mashahidi kwamba anajibu kwa kila kitu. Kisha nikamsikia Ramazani, sauti yake ya kawaida, ya kujibu bei ya kitambaa dukani. "Hakuna muntu. Bendera yenyewe njo ilinifundisha." Sitaandika nilichosikia baada ya hapo.

Nilirudi nyumbani nikasema yote, na sikufanya vizuri, kwa sababu Fundi Sumaili aliinuka palepale akaanza kutafuta viatu. "Ninaenda kuwaambia njo miye." Mama Zaina akajilaza mlangoni. Mzima mzima, kwenye vumbi, mwanamke mwenye heshima zake, akamwambia apite juu ya tumbo lake. Fundi akakaa kitandani na viatu mikononi, akasema, "Basi kesho. Sakina umuambie kesho ninakuya." Kesho yake nilipokuwa nachukua sufuria nilimnong'oneza Ramazani kupitia mlango uliofunguliwa kidogo, nikaona nusu ya uso wake tu, na ile nusu ilikuwa imevimba. Akatikisa kichwa. "Muambie Fundi asiweke mguu chini," akasema. "Hata kidogo. Anisikie vizuri, asiweke mguu chini."

Fundi alipoisikia hiyo alivua filimbi shingoni, akaenda nayo mtoni, akarudi bila filimbi. Hakwenda kwenye nyumba ya matofali siku ile wala nyingine. Alikwenda kazini, alirudi, alikula kidogo, alimjibu Mama Zaina anapoulizwa. Mataruma ya nyuma aliyaacha yaoze palepale, na aliyetaka kuyachukua kwa kuni alifukuzwa. Ramazani walimtoa baada ya majira ya mvua kuisha, bila kueleza, kama walivyomchukua. Goti lilikuwa limekwisha. Alipita kwetu, akala wali, Fundi akamkatia samaki kama anavyokatiwa mtoto. Kisha akaenda Kampene, akakaa huko maisha yake yote, na wao wawili hawakuonana tena mpaka Ijumaa ile ya mazishi, kama kumtia mtu kaburini ni kuonana.

Jana alikuwa anarudi. Nilimwambia nitamsindikiza mpaka mahali magari ya Kampene yanapopakia, akapanda pikipiki ya teksi na mimi nyingine nyuma yake. Dereva wake alikuwa kijana wa haraka, anapita katikati ya watu kwa honi. Ramazani alikaa nyuma, mzee amekunja kofia mkononi, na nikawaza kwamba hii ndiyo mara ya kwanza ninamwona amekaa juu ya pikipiki. Tulipofika njia panda, polisi wa barabarani akapuliza filimbi kusimamisha lori. Lori tu, wala hakutuangalia sisi. Ramazani akashusha miguu yote miwili. Pikipiki ilikuwa inakwenda, viatu vikakwaruza lami, kile kimoja kikamtoka, kijana akayumba karibu waanguke wote, akapiga breki akapiga kelele, "Muzee! Unataka kutuua?" Ramazani hakumsikia. Alikuwa ameshashuka na goti lake lile, amesimama katikati ya njia panda, mguu mmoja na soksi, mikono mapajani, kidevu juu. Magari yakaanza kupiga honi. Nikamwambia dereva wangu asimame. Nikashuka, nikaokota kiatu, nikaenda nikasimama kando yake, na hatukuondoka pale mpaka polisi alipotoa filimbi mdomoni.